Simu Iliyopigwa kwa Bi Asya

Jumanne, 10 Juni 2025

Naandika kwa sababu nikisema nitapiga kelele, na ukuta wetu na wa Bi Asya ni mmoja.

Asubuhi niko kwenye charahani, nashona sare za skuli. Bi Asya huyo, kaingia mbio, mtandio umemwanguka, simu mkononi. "Mama Anse! Mama Anse! Mwanetu mgonjwa!" Nikadhani Haitham, mwanawe mkubwa, yule anayefanya kazi Unguja. Kumbe Anselimu wangu! Malaria. Kalazwa zahanati ya chuo huko Dodoma tangu jana. Aliyepiga simu ni msichana anayesoma naye, jina lake Angelina.

Nikaipokonya ile simu, binti bado yuko hewani. Haloo mwanangu, hali yake vipi? Yule binti akasema samahani, naongea na nani? Nikamwambia mama yake Anselimu. Halafu akasema: "Mama yake si nimeongea naye sasa hivi?"

Nilihisi kama nimekalia sindano.

Akasema anaendelea vizuri, dripu imeisha, ameanza kunywa uji. Nikasema alhamdulillahi. Ndivyo nilivyosema, ulimi umeshazoea, nimezeekea Pemba. Halafu nikapiga ishara ya msalaba. Mwanangu mzima, asante Mungu.

Lakini! Simu imeendaje kwa Bi Asya? Namba yangu ni ile ile tangu mtoto yuko shule ya msingi. Anaijua kwa kichwa!

Nikamuuliza Bi Asya, yule binti kakuitaje? Akatazama chini. "Kaniita mama Selimu. Kauliza, ndiye weye mamake? Mie n'kamwambia ndimi. Mtoto mgonjwa, yakhe, ntakaa kumsomesha mtu nasaba?"

Ndimi! Kasema ndimi! Na mimi niko nyumba ya pili, nimetia uzi kwenye sindano, sijui lolote.

Jumatano, 11 Juni

Nimembana Angel. Huyu mdogo wake Anse anajua kila kitu na hasemi kitu, kama baba yake. Mwisho akanionesha kwenye simu. Kaka yake huko mtandaoni haitwi Anselimu. Anaitwa Selimu wa Pemba. Selimu ni jina alilompa Bi Asya, anamwita hivyo tangu mchanga, sikuwahi kukasirika. Sasa nimekasirika!

Na picha. Yeye na Bi Asya siku ya Idi, kavaa kanzu na kofia, Bi Asya kavaa buibui lake zuri, wanacheka. Chini kaandika: Mama yangu, nguzo yangu.

Picha ile niliipiga MIMI. Kanzu ile nimeshona MIMI, usiku sikulala kwa ajili ya ule ukosi. Nimemwambia Bi Asya sogea kidogo, nimemwambia mwanangu cheka. Nimesimama nyuma ya picha, sionekani!

Angel kasema alijua tangu mwaka jana. Hakuniambia kwa sababu ningelia.

Sikulia. Nilishona mkono wa shati la mtoto wa watu nikauziba mdomo, ikabidi nifumue.

Mume wangu Geofrey karudi kutoka kituoni, nikamweleza hata viatu hajavua. Kasema, mwache apone kwanza. Huyu mwanaume ni polisi lakini nyumbani hajawahi kumkamata mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Anse kapiga simu. Kasauti kadogo. Shikamoo mama. Nilikusudia kumpasha. Nikamuuliza kama amekula, nikamwambia avae soksi usiku. Nikakata.

Nina hasira na mimi mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa mama Nehemia kaniuliza habari za msomi. Nikasema mzima. Kasema, una bahati mama Anselimu, watoto wa siku hizi wakivuka bahari wanasahau walikotoka. Nikacheka. Meno tu.

Jumamosi, 19 Julai

Anse kaja. Amekonda! Shingo kama ya kuku mgonjwa wa mdondo. Moyo wangu wote ulimkimbilia, miguu nikaizuia.

Maana ukitoka bandarini mlango wa Bi Asya unaanza, ndio uje wetu. Kaingia kule kwanza. Nilimsikia kwa ukuta. "Mama, shikamoo." Yule naye: "Marahaba mwanangu, karibu, waja kama fimbo ya mkwezi!" Vicheko. Sahani. Mwanapili, bintiye Bi Asya, anamwita kaka, kaka.

Mimi nilikuwa nimesonga ugali wa moto na dagaa wa Nyasa, wale dada yangu ametuma kutoka Mbinga, nimewaficha tangu Pasaka kwa ajili yake. Kafika kwangu ameshiba. Kala tonge mbili, kasema watamu mama, kanawa.

Waliobaki nikawapa Angel na paka.

Kitu kingine kinachonichoma siku zote, leo nakiandika. Huyo Mwanapili. Msichana mwenye adabu zake, akipita Haidar wa dukani anafunika mpaka masikio. Lakini mwanangu akiingia, kichwa wazi! Nywele nje, anachana, anasuka, hajali. Miaka yote naliona hili. Kama vile aliyeingia si mwanaume. Kama kapita mbuzi. Kwa sababu ni mtoto wa kanisani, hahesabiki! Nimeshamwambia Geofrey mara nyingi. Na huko ndiko mwanangu anakokwenda kusema mama shikamoo.

Jumatatu, 21 Julai

Nilingoja Geofrey aende zamu na Angel aende tuisheni. Nikamwambia Anse kaa. Mama yako nani?

Kacheka kwanza. Halafu kaona uso wangu.

Kasema, mama, hilo jambo refu. Nikamwambia sare za watu zitangoja, sema.

Basi. Mwaka wa kwanza mwalimu wao wa saikolojia aliwasimamisha darasani mmoja mmoja. Sema wewe ni nani. Huyu kasema mimi Msukuma, huyu kasema mimi mtoto wa mchungaji. Yeye kasimama kasema mimi Mpemba. Darasa zima likaangua kicheko! Mpemba gani Anselimu? Mpemba unakula kitimoto? Hebu sema yakhe tusikie! Tangu siku hiyo akawa mtu wa kueleza. Bwenini anaeleza, kantini anaeleza. Baba wa Mbinga, mama wa Mbinga, yeye kazaliwa Wete, Kimatengo hajui, kahawa hajawahi kuichuma, karafuu ndiyo anayoijua. Na hapa nyumbani akigombana na watoto mpirani wanamwita Mbara. Kule bibi yake Mbinga, binamu zake wanamwita Mwarabu. Mwaka wa pili kahamia bweni jingine. Wakamuuliza, kajibu: Selimu, wa Pemba. Basi. Hakuna aliyecheka. Kasema, "Mama, siku ile nililala kama mtu mmoja." Halafu wakamwomba picha na namba ya mama yake, kaonesha ile ya Idi, na namba kawapa ya Bi Asya.

Nikamwambia ungeonesha yangu!

"Ya kwako, mama, ningeanza kueleza upya."

Kumbe mimi ni maelezo! Nimebeba tumbo, nimepasuliwa, nimeshona mpaka macho yanatoka maji, mwisho nimekuwa maelezo marefu!

Eti yuko kwenye kipindi cha kujitafuta. Wamesomeshwa, kuna mzungu kaandika. Kijana hujaribu kuwa huyu, akajaribu kuwa yule, kama mtu anayejaribu nguo mpaka apate inayomkaa. Nikamwambia kujitafuta? Ulipotea wapi? Na mimi ni fundi. Watu wanajaribu nguo hapa mbele yangu kila siku. Sijamwona hata mmoja anajaribu mama!

Hapo naye akapandisha sauti. Kasema, "Wewe ndiye uliyenifundisha. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unafunga dirisha ndiyo nile. Tukienda Mbinga unanibana njia nzima, usiseme weye, sema wewe, bibi atacheka. Mimi nimekula na dirisha limefungwa maisha yangu yote."

Nilipiga meza, kibati cha pini kikaruka. Ile ni HESHIMA! Watu wamefunga, wana njaa, utakaa dirishani na samaki? Mbona Angel kala kwenye dirisha hilo hilo na hajabadilisha mama?

Anse kapiga magoti kaanza kuokota pini, moja moja, anazirudisha kwenye kibati. Tangu akiwa mdogo ndiyo kazi yake hiyo, nikimwaga pini anaokota yeye, anaogopa nisichomwe mguu.

Nikaenda jikoni. Sikutaka anione.

Jumatano, 23 Julai

Leo nimemwendea mwenyewe Bi Asya. Nimekuta anakuna nazi uani. Sikukaa. Nikamwambia, umeniibia mtoto.

Hakuinua kichwa. Kakuna, kakuna. Kasema, "Nimekwibia? Kanyonya hapa." Kajigusa kifuani na mkono wenye nazi.

Najua! Nani hajui? Nilipojifungua Anse nilipata kifafa cha mimba, nikalala hospitali sijui dunia. Bi Asya alikuwa ana Haitham bado ananyonya. Akawachukua wote wawili, huyu huku, huyu huku, mpaka nilipoweza kukaa. Nimemshukuru. Nimempelekea kuku, nimemshonea, watoto wake wote sare zao nimeshona mimi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia ule ulikuwa wema, jirani na jirani, kama kuazimana chumvi.

Hapo ndipo alipoinuka. Sijawahi kumwona vile.

"Chumvi! Chumvi hurudishwa, Skola. Maziwa hurudishwaje? Mtoto akishanyonya akashiba, mara tano tu, kwetu ni mwana. Si mwana wa kuzaa, mwana wa kunyonya. Haitham nduguye. Mwanapili dadake, hamwoi hata dunia ipinduke. Kwani weye hukujua? Wafikiri kwa nini Mwanapili hamfunikii kichwa? Atamfunikiaje kakake?"

Nilikaa chini. Kwenye mkeka wake, bila kukaribishwa.

Miaka yote! Nilikuwa namwona yule mtoto kichwa wazi naumia, nasema wanamdharau mwanangu. Kumbe ndiyo walikuwa wanampa cheo. Mbuzi nilikuwa mimi.

Mtu mwingine angepoa hapo. Mimi nikazidi kuwaka! Nikamwambia, basi mmemfanya mwenu kwa sheria, nyumba nzima mnajua, mtaa mzima unajua, mpaka yeye mwenyewe anajua, na mimi mamake sikuitwa hata kushuhudia!

Bi Asya kanitazama. Kasema polepole, "Ulikuwa huna fahamu, Skola. Ungeitwaje?"

Nikarudi kwangu. Sare sikushona.

Jumapili, 27 Julai

Sina hamu ya kuandika lakini nikiacha nitapasuka.

Ijumaa siyo hii inayokuja, ile ya pili, tarehe nane, Mwanapili anaolewa na kijana wa kijiji cha Ole. Anse atasimama na Haitham upande wa ndugu. Sawa. Nimeshaelewa, ni kakake. Lakini Angelina anakuja, na kijana mwingine wa chuoni anaitwa Masoud. Wanakuja kuona harusi ya Pemba, nyumbani kwa rafiki yao Selimu. Watafikia kwa Bi Asya.

Mwanangu kaja kaniambia, huku anachezea ncha ya tepu yangu ya kupimia: "Mama, siku hiyo usiseme kitu. Nitawaeleza mwenyewe. Taratibu."

Taratibu! Kama mtu anayeambiwa habari ya msiba!

Aliyemjibu ni Geofrey. Kaweka kikombe chini. "Anselimu. Usimwombe mama yako akufichie uso wake." Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka yote ya ndoa sijamsikia anasema kitu kama kile.

Anse kasimama mlangoni. Kasema, "Baba, mwakani unastaafu. Mnarudi Mbinga, nyumba mmeshaezeka. Nyinyi mnarudi. Mimi narudi wapi?" Katoka.

Hasira ninazo bado. Lakini swali lile limenikaa kooni kama mwiba wa changu, nikimeza linachoma, nikikohoa linachoma.

Jumamosi, 2 Agosti

Bi Asya kaleta kanga. Hatujasemeshana tangu siku ya nazi. Kaziweka juu ya charahani, doti nzima. "Sare ya wanawake wa upande wa mama. Wote twavaa hii." Nikamwambia mimi nitakaa kwangu. "Kaa. Lakini ukikaa, kaa umevaa." Kaondoka zake.

Zina maandishi. Sikuyasoma, makusudi.

Nikazitupa kabatini. Baadaye nikazitoa nikazikata na kuzipinda. Siyo kwa ajili yake! Fundi hawezi kulala na kanga haijapindwa ndani ya nyumba.

Alhamisi, 7 Agosti

Wageni wamefika. Masoud sijamwona vizuri, wamemtia kwenye kazi ya kupanga viti. Angelina nimemwona.

Nilikuwa naanika. Kaja mpaka kwenye ua, kadogo, anacheka, mikono imejaa michoro ya piko mbichi. Shikamoo mama. Nikaitika. Sauti ile ile ya simu. Huyu ndiye aliyemkalia mwanangu na uji. Nilitaka kumshika mikono, piko na yote. Kasema, "Mama, lafudhi yako siyo ya huku. Wewe ni nani wa hapa?"

Anse alikuwa nyuma yake. Kabeba sufuria la pilau, kubwa, na watu wawili wangelibeba kwa shida. Kasimama nalo pale pale. Kaniangalia.

Mungu wangu, yale macho. Nimeyaona mara moja tu, akiwa mdogo, kavunja taa ya kanisa, anasubiri nimtaje au nisimtaje.

Nikasema: "Mimi fundi."

"Aaa, fundi! Basi kesho lazima unibane hili gauni!"

Fundi! Nimelisema kwa mdomo wangu! Mimi sikuombwa tena, sikulazimishwa, nimemfunikia mwenyewe. Na yeye kapita na sufuria lake, kichwa chini, hakusema kitu. Hakusema kitu!

Nimemwambia Geofrey sitaenda. Nendeni nyie. Na hii hasira siyo ya kuisha na pilau.

Ijumaa, 8 Agosti

Nikaha ilikuwa baada ya alasiri. Nimeisikia yote kwa ukuta. Vigelegele. Haitham anatania watu, mpisheni shemeji, mpisheni, kaja na viatu vya kuazima! Geofrey yuko kule, Angel yuko kule. Mimi niko chumbani, mlango nimerudishia. Kanga ya chini nimevaa. Ya juu nimeipakata.

Angel kaja mbio sasa hivi, anahema. Kasema wanapiga picha. Angelina kashika simu kasema haya, sasa Selimu na mama yake! Wakamwekea Bi Asya kiti. Bi Asya hakukaa. Wanawake wakamsukuma, kaa mama, kaa, aibu ya nini, jua linazama! Hakukaa. Kasema, "Muulizeni Selimu kiti hiki cha nani." Watu wakacheka, wakadhani mzaha wa harusi. Angel kasema kaka hakucheka.

Nikamuuliza, kafanya nini? Kavua kofia, kavaa tena. Halafu kaanza kutembea. Angelina anamfuata anamwita.

Nimemrudisha Angel kwa mlango wa nyuma. Naandika haraka.

Nyayo uani. Viatu vyake navijua, kisigino cha kulia kimelika.

Sauti ya yule binti: "Huku si kwa yule fundi? Kwani kanzu imechanika?"

Nyayo zimefika mlangoni.

"Hodi."

Huyo ni mwanangu. Mlango haujafungwa, na yeye humu hajawahi kupiga hodi hata siku moja. Anaingia kama upepo, anaanza na sufuria. Leo anabisha hodi kwa mama yake kama mgeni!

Nimekaa kimya. Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka, huku hata mtoto anajua.

"Hodi."

Ya pili hiyo. Kanga ya juu nimeitia kichwani, mkono mmoja, mwingine unaandika. "Karibu" iko hapa mdomoni, nimeiuma na meno. Siyo kwamba sitaki kuitoa. Nataka kwanza nisikie ataniitaje.

"Selimu, mbona hivyo? Humu anakaa nani?"

Anavuta pumzi. Naisikia mpaka hapa nilipo.